Nilishona pedi za kitambaa kwa ajili ya arobaini, mimba ikatoka. Nizitumie?

Asalam aleikum shangazi. Naomba usinitaje jina wala kijiji, sema tu natokea Pemba upande wa Wete inatosha. Nina miaka 27, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Nakuandikia usiku huu kila mtu kalala na simu nimeipunguza mwanga.

Huyu mwanangu wa mwanzo nlipojifungua nlitaabika sana na pedi za dukani. Damu ilikaa kama wiki tano na siku zote hizo navaa zile pedi, joto la mwezi wa pili unalijua wewe, nikatoka vipele vya mapajani mpaka nikawa natembea miguu imeachana na kukaa kitako nakaa kwa ubavu. Nikasema Mungu akinijaalia tena safari hii sirudii kosa. Kwa hiyo nlipokosa siku zangu na kipimo kikaonesha sikungoja, mama yangu alinipa doti ya kanga ya manjano ina jina Subira yavuta heri, nikachukua kipande kimoja nikakikata, cherehani ya jirani, jioni mbili tatu nikapata pedi saba. Ndani flaneli mapande manne, chini nimetia mpira ule wa kuzalia, kwenye mbawa vishikizo vya kubana nimenunua mjini Chake Chake. Lile jina la kanga lilikatikakatika, kuna pedi imebaki na neno "yavuta" peke yake, siku ile nilicheka mwenyewe.

Shangazi mimba ikatoka. Wiki 12. Ilianza doa tu, kesho yake tumbo likashika, usiku tukakodi gari mpaka hospitali, wakanisafisha, asubuhi nikarudi nyumbani. Kilichotoka mume wangu na baba yake walikwenda kukizika, mimi nlikuwa nimelala. Nimepewa vidonge na karatasi, hamna alonambia damu itakaa siku ngapi wala nivae kitu gani.

Leo siku ya sita. Natumia pedi za dukani, pakiti sh. 2,500 na haivuki siku mbili, mume wangu ni mvuvi na mvua hizi za masika bahari si nzuri, ananunua hasemi kitu lakini mie naona. Na vipele vishaanza tena. Pedi zangu saba zimo kwenye mfuko chini ya kitanda.

Tunaishi ua mmoja na mama mkwe. Yeye anasema nlijitangulizia, mtu hashoni vitu vya uzazi mimba haijakaa. Halafu anasema damu hii si ya mwezi, kitambaa kikiingia hii hakitoharishwi, ni najisi, kinazikwa, na nikianika nje nitawapa watu njia ya kunichezea kwa uchawi. Wifi yangu yeye anasema kizazi bado kiko wazi nikivaa matambara nitapata maambukizi nisizae tena. Shoga yangu anasema bibi zetu wote walivaa vipande vya kanga na walizaa watoto tisa tisa.

Mie mwenyewe nshaingiza mkono kwenye ule mfuko mara mbili, nikigusa ile flaneli nautoa. Nikizitumia nahisi kama namfuta. Nisipozitumia basi zinanisuta kule chini ya kitanda. Na kufua pia, juzi nimefua chupi tu nimelia juu ya beseni mpaka maji yakapoa. Maji yenyewe kwetu yanatoka usiku, jua hamna, sijui hata nkisema ndiyo ntazikaushia wapi. Nisaidie shangazi, nifanye nini?

Mama wa mmoja, Pemba

.

Waaleikum salaam mwanangu. Pole. Pole ya msiba maana huu ni msiba, hata kama hakuna alokuja kukaa jamvini kwako na hata kama watu washarudi kwenye shughuli zao.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la pedi. Mara ya pili nikaona kumbe yamo maswali kama manne yamefungwa kwenye mfuko mmoja, uvae nini mwili usiumie, dini inasemaje, watu wa uani wanasemaje, na hizo saba za kanga ya mama yako ufanye nazo nini. Ukiyajibu yote kwa mara moja utachanganyikiwa, mana jibu la moja si lazima liwe jibu la jengine. Tuyafungue taratibu. Na najua barua inachukua siku mpaka kujibiwa, huenda damu imeshakatika ukisoma hapa, lakini siku zako zitarudi baada ya wiki nne mpaka nane hivi na swali litakuwa pale pale.

Kwanza kabisa mwili. Umesema siku ya sita, pakiti haivuki siku mbili. Nataka kujua, unabadilisha kwa sababu imejaa au kwa sababu inakuwasha? Kama inakuwasha na damu yenyewe ni kidogo inapungua, ndivyo inavyotakiwa, baada ya mimba kutoka damu huwa inakaa wiki moja mpaka mbili, inakwenda inapungua, nyekundu inageuka kahawia, inaweza kukatika ikarudi kidogo. Lakini kama imejaa kweli kweli, pedi mbili zinalowa chapa ndani ya saa moja, na saa ya pili vile vile, au yanatoka mabonge makubwa, au una homa, harufu mbaya, tumbo linakata halipoi, kizunguzungu ukisimama, basi weka simu chini uamshe mume wako murudi hospitali usiku huo huo, usingoje kuche. Hilo halina majadiliano, mengine yote haya tutajadiliana.

Sasa wifi yako. Usimkasirikie, lipo neno la kweli ndani ya maneno yake. Ni kweli mlango wa kizazi baada ya mimba kutoka unakuwa haujafunga vizuri na ndani mna kidonda. Kwa sababu hiyo hutakiwi kuingiza kitu chochote ndani, si zile pamba za kuchomeka, si kikombe cha hedhi, si dawa za kienyeji za kujitilia, wala tendo la ndoa mpaka damu iishe. Lakini pedi haiingii ndani mwanangu, inakaa nje, ya duka na ya kitambaa zote zinakaa nje. Kitambaa kilichofuliwa vizuri na kikakauka hakina ubaya wowote. Kinacholeta shida ni kitambaa kilichokauka nusu, chenye unyevu, kimekunjwa kikatiwa ndani ya mfuko, au kilichovaliwa toka asubuhi mpaka magharibi. Nyinyi watu wa karafuu mnalijua hili kuliko mtu yeyote, karafuu ukiitia guniani haijakauka sawasawa kitakachotokea unakijua.

Na shoga yako naye anasema kweli lakini kasema nusu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kikapu cha ukili ana vipande vyake, nilikiona nikiwa mdogo. Vilikuwa vya kanga kuukuu, iliyofuliwa miaka, laini kama shavu la mtoto. Kanga mpya ina wanga, ngumu, maji yanateleza juu kabla hayajaingia, na rangi inachuja. Kwa hiyo nakuuliza, ile ya manjano uliifua mara ngapi kabla hujaikata? Kama hukuifua, pedi hizo kabla ya kuvaliwa na mtu yeyote zinataka kufuliwa mara tatu nne mpaka maji yatoke meupe, ndo zitanywa.

Jambo jengine, mpira wa kuzalia. Umefikiria vizuri, hauvujishi. Lakini mpira haupitishi hewa kabisa, na wewe ngozi yako ndo hiyo inalalamika kwa joto. Mie nahofu vipele ulivyovikimbia kwenye plastiki ya dukani unaweza ukavikuta kwenye mpira wako mwenyewe. Huenda mbili tatu ukaziacha na mpira kwa usiku na kwa safari, nyengine ukaufumua ule mpira ukavaa mchana ukiwa nyumbani, unabadilisha mara kwa mara. Na angalia pia kama kilichokuwasha si marashi, zile za dukani ziko zenye harufu na ziko zisizo na harufu, watu wengi wanawashwa na ile harufu au na kukaa na pedi moja muda mrefu. Kubadilisha kila baada ya saa nne, maji safi bila sabuni ya manukato, na kujikausha kabla hujavaa nyengine, wakati mwengine hiyo tu inatosha kutuliza ngozi bila kubadilisha aina ya pedi.

Tuhesabu kidogo. Kila saa nne ni pedi sita kwa siku. Wewe unazo saba. Jua likiwaka unafua leo unavaa kesho, unajisogeza. Masika haya kitambaa chenye flaneli mapande manne kinaweza kulala siku mbili hakijakauka, kwa hiyo saba zako zitakwisha siku ya pili na utashawishika kuvaa mbichi. Hapo ndipo hofu ya wifi yako inapokuwa kweli. Kuna wanaochanganya, siku za damu nyingi wanatumia za dukani, damu ikishakuwa ya doa doa wanahamia kwenye kitambaa, pedi tatu kwa siku zinatosha na shilingi ya mume inapumua. (Bei za pedi hizi zinatuumiza wengi, kule bara serikali iliondoa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, mwaka 2018 na mwaka 2019 ikairudisha kwa sababu dukani bei haikushuka, kwa hiyo usione uko peke yako unayehesabu.)

Kufua kwenyewe, maji ya baridi kwanza, usianze na ya moto mana moto unaikamatisha damu kwenye uzi. Suuza mpaka maji yasiwe mekundu, ndo sabuni ya mche, sugua, suuza tena mpaka povu liishe kabisa, sabuni ikibaki inawasha vile vile. Kama maji yanatoka usiku teka ndoo yako mbali yenye kifuniko, roweka lakini isilale mpaka kesho jioni, maji ya damu kwenye joto letu hili yanaharibika upesi. Usitie yale maji ya kulainisha nguo yenye marashi, kitambaa kinaacha kunywa. Jua likikataa, anika ndani penye upepo, malizia na pasi pande zote mbili, ila zile zenye mpira usizipige pasi zitayeyuka. Na kama utashona nyengine baadae, juu upande wa ngozi weka kitambaa cheupe cha pamba. Kwenye kanga ya maua huoni rangi ya damu, na sasa hivi rangi ya damu ni habari unayoihitaji.

Nije kwa mama mkwe. Hapa naomba unisikilize kwa utulivu mana yeye ni mkubwa na mnaishi ua mmoja, sitaki ukatoke na barua yangu mkononi ukamsomee.

La kujitangulizia. Mwanangu, kushona hakukutoa mimba. Kati ya mimba 100 ambazo wenyewe wanajua wanazo, 10 mpaka 20 zinatoka, na nyingi katika zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo sababu yake ni hitilafu ndani ya vinasaba, toka siku ile yai limerutubishwa, kabla wewe hujajua kama unayo, kabla hujakwenda Chake kununua vishikizo. Hukubeba ndoo iliyomtoa, hukushona kilichomtoa. Lakini pia jiulize, mama mkwe anaposema vile anakulaumu, au anaogopa? Watu wazima wetu wengi wamezika mimba zao bila ya mtu kuwaeleza kitu, wakabakiwa na miko tu ya kujikingia. Sijui yeye alipoteza ngapi. Wewe unajua?

La najisi. Damu ni najisi ndiyo, lakini kitambaa kinatoharika. Kwenye Bukhari na Muslim, Asmaa binti Abubakar radhi za Allah ziwe juu yake amepokea kwamba mwanamke alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu nguo iliyoingia damu ya hedhi, na alichoelekezwa ni kuikwangua, kuisugua kwa maji, kuisuuza, kisha kuswali nayo. Hakuambiwa aizike. Na doa likibaki baada ya kusuguliwa kwa uwezo wako, wanazuoni wanasema linasamehewa. Kuhusu swala zako sasa, damu baada ya mimba kutoka ni nifasi, yaani damu ya uzazi, au vipi, inategemea kilichotoka kilifikia umbo gani, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafii nifasi kwa kawaida ni siku 40 na ukomo wake 60, lakini ikikatika kabla unakoga unaswali, hungoji arobaini itimie. Muulize ustadhati wa chuoni kwenu, mueleze wiki 12, atakufahamisha vizuri kuliko mie.

La watu kukuchezea sitakucheka. Hofu ile iko kwetu sote hata tunaojifanya hatuna. Unaweza ukaanika chini ya kanga nyepesi, moja tu, jua linapita, au ukaanika chumbani dirisha wazi. Ukiamua kutozitumia au ukitaka kuzizika zilizochakaa, zika, hilo nalo halimdhuru mtu. Angalia tu usije ukaficha mpaka ukaanika chini ya godoro, huko hakuna linalokauka.

Sasa hizo saba.

Umeniandikia nikizitumia nahisi kama namfuta. Nimekaa na maneno hayo. Wako wanawake ambao kuvaa kitu walichomshonea mtoto, na kukifua kwa mikono yao, kuliwapa kitu cha kufanya wakati hapakuwa na cha kufanya, hakuna kukandwa, hakuna uji wa pilipili manga, hakuna watu wa kuja kuona. Kila beseni walikuwa wanaaga kidogo. Na wako wengine kufua ile damu kila jioni ni kukitonesha kidonda kila jioni, wanazidi kuzama. Wewe ulilia juu ya beseni mpaka maji yakapoa, lakini hukunambia ulivyoinuka ulikuwaje. Ulijiona mwepesi au mzito zaidi? Mie siwezi kukujibia hapo, wewe unaweza.

Na halafu, ni lazima iwe hizo? Ulidhani iko njia mbili tu, ya duka au saba za manjano. Kama kitambaa ndicho kinachokufaa ngozi na mfuko, chana kanga kuukuu ukashona nyengine ambazo hazina historia, hata bila mpira, hata za kukunja tu, na zile saba zikakaa. Zikakaa mwezi, zikakaa mwaka, zikamngoja mwengine Mungu akipenda, au zisimngoje mtu, au umpe shoga yako anayekaribia kujifungua, ila ukigawa leo kwa uchungu kesho ukaitaka ile ya "yavuta" usiipate, hiyo ndo hatari yake. Kuzitumia kuna hatari ya kukutonesha, na kuziacha chini ya kitanda unapolala nako kuna uzito wake, pengine zinataka kuhama tu, ziende kwenye sanduku la nguo zako au kwa mama yako aliyekupa kanga. Yeye umemwambia? Barua nzima umetaja mama mkwe, wifi, shoga, mama yako umemtaja kwa kanga tu.

Nguvu za kuamua yote haya sasa hivi huna, na si lazima. Umepoteza damu, kunywa vidonge ulivyopewa, kula dagaa na mchicha, lala. Ikipita wiki mbili tatu bado huli hulali huoni raha ya mwanao, rudi kituo cha afya useme hivyo hivyo, na hayo ni maradhi pia.

Kuna sentensi moja umeipita mbio. Umesema walikwenda kukizika wewe umelala. Mume wako hasemi kitu, ananunua pedi anaweka, pengine naye hajui aanzie wapi, na yeye ndiye aliyebeba akaenda kuchimba. Mvua ikipumzika jioni moja, kama moyo wako unataka, muombe akupeleke akuoneshe ni wapi. Na kama moyo hautaki, akuhadithie tu.

Niandikie tena mwanangu, hata mistari miwili.

Shangazi yako